Wauzaji Uraka kwa Wanafunzi Wasionewe Haya

Kila mwaka, mikorosho ya Masasi na Newala inapoanza kudondosha mabibo, wakulima huingia katika msimu wa neema na watoto wao huingia katika msimu wa hatari. Korosho hupelekwa ghalani kungoja mnada. Bibo, ambalo halikai siku mbili bila kuoza, hukamuliwa na maji yake huachwa yachachuke yakawa uraka. Na uraka ukipikwa, mvuke wake hukingwa ukawa nipa, yaani gongo, kinywaji haramu ambacho hakuna ajuaye kipimo cha ukali wake.

Msimu huo ndio pia wa mitihani. Septemba ni mwezi wa darasa la saba. Novemba ni wa kidato cha pili na cha nne. Hivyo wakati ule ule mwanafunzi anapotakiwa kukesha na daftari, uraka huwa mwingi na wa bei rahisi. Asiye na fedha huokota korosho, na korosho haikosi mnunuzi madhali walanguzi wa kangomba wapo.

Mwanafunzi akikutwa amelewa, wa kwanza kulaumiwa ni yeye. Huchapwa viboko, mzazi wake huitwa shuleni, na kikao hufanywa. Lakini aliyemuuzia haitwi popote. Kesho yake huamkiwa shikamoo na mtoto yule yule aliyemlewesha, naye huitikia marahaba bila haya. Huu ni unafiki, na hauna budi kukomeshwa.

Wapo wanaodai kwamba uraka ni kinywaji cha jadi. Jadi ipi? Jando la Wamakonde, Wamakua na Wayao lilikuwa shule ya adabu na heshima. Halikuwa kibali cha mtoto kulewa. Wengine hutetea kwamba mama maskini huuza uraka apate kununua sare za wanawe. Hoja hiyo ina uzito, lakini haihalalishi kumnunulia mtoto mmoja sare kwa kumharibia masomo mtoto wa jirani. Watafiti wa Naliendele, huko huko Mtwara, wamekwisha onyesha kwamba bibo hutoa juisi na jamu. Halmashauri na vyama vya ushirika viwafikishie akina mama ujuzi huo, badala ya kuwaachia pipa la uraka kuwa ndilo tegemeo lao pekee.

Wala isisemwe kwamba biashara ya pombe haizuiliki. Serikali ilipopiga marufuku pombe ya viroba tarehe 1 Machi 2017, sababu mojawapo ilikuwa kwamba viroba vilikuwa vikiwafikia wanafunzi. Wenye viwanda walilia hasara, lakini marufuku ilisimama. Ikiwa viwanda vikubwa vilibanwa, kilabu cha chini ya mkorosho kitashindikanaje?

Madhara yake si ya siku moja. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi umri wa miaka ishirini na kitu, na pombe huudhuru ungali mchanga. Mvulana aliyelewa hupanda bodaboda akavunjika. Msichana aliyelewa hurudi nyumbani usiku akiwa windo la wenye nia mbaya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Ada ya shule za sekondari za umma hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia 2016 ili mtoto wa mkulima asome, si ili akasinzie darasani.

Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitaja ulevi miongoni mwa mambo yanayopoteza nguvu za wananchi. Basi serikali za vijiji, kamati za shule na mabalozi wa mashina wachukue hatua kabla ya mabibo kuanguka: kila kilabu kijulikane, kila muuzaji aonywe mbele ya mkutano wa kijiji, na anayerudia afikishwe mbele ya sheria, hata akiwa ndugu wa mwenyekiti.

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Na kijiji kinachochelea jirani kununa, kitakuja kuwalilia watoto wake.