Sigara na Dawa Iliyomo Mishipani

Ndugu zangu wa Kewanja na Nyamongo yote, mwulizeni mvutaji sigara inamuumiza wapi, naye ataonyesha kifua. Kikohozi anakijua, saratani ya mapafu ameisikia redioni. Damu yake haitaji. Nami nasema, kwa sisi tunaoishi mbali na hospitali kubwa, hapo kwenye damu ndipo pa kuogopa.

Damu huganda kwa faida yetu. Jiwe likikuchana mguu duarani, nyuzi za faibrini hujisuka juu ya jeraha, damu ikakoma. Lakini donge hilo halitakiwi kubaki, wala kuota ndani ya mshipa usio na kidonda. Kwa hiyo ukuta wa ndani wa mshipa hutoa kimeng'enya kiitwacho t-PA, ambacho huiamsha plazimini, nayo plazimini huzikatakata nyuzi zile hadi njia ifunguke. Ni dawa tuliyozaliwa nayo, haina bei.

Moshi wa sigara huidhoofisha dawa hiyo kwenye chanzo chake. Mwaka 1999 watafiti wa Edinburgh, Uskochi, waliichochea mishipa ya mikono ya wavutaji na ya wasiovuta ili itoe t-PA. Ya wavutaji ilitoa kidogo kuliko ya wenzao. Mwaka 2001 wakaliona jambo lile lile kwenye mishipa ya moyo wenyewe. Tena moshi huohuo huongeza faibrinojeni, malighafi ya donge, na kuzifanya chembe sahani zinatane upesi. Mchimbaji ananielewa: maji yanazidi kuingia duarani, na pampu nayo imepungua nguvu.

Donge likiziba mshipa wa moyo, ni mshtuko wa moyo. Likiziba wa ubongo, ni kiharusi, na niseme wazi, wengi wetu humtafuta mchawi kabla ya kutafuta gari. Hospitali zilizo na vifaa zina dawa ya kuyeyusha donge, alteplesi, ambayo ni t-PA hiyohiyo iliyotengenezwa kiwandani. Kwa kiharusi hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, tena baada ya kichwa kupigwa picha kuhakikisha kwamba damu haikuvuja ndani. Hebu hesabu: usiku, mvua inanyesha, kutoka Kewanja hadi Tarime, kisha Musoma au Mwanza. Saa hizo zitatosha?

Utaniambia babu yako alivuta kiko akazeeka. Sawa. Anatajwa kwa kuwa alibaki; wenzake wa rika waliokwenda ghafla hawapo kuitoa hoja hiyo.

Wenye maduka, Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Itiini, hata kama mtoto ametumwa na baba yake. Nawe baba, usimtume.

Kuacha kuna faida hata kwa aliyevuta miaka mingi. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Kijana wa karasha, pakiti iliyo mfukoni mwako usiimalize.