Dawa ni Bure, Ugali si Bure

BARAZANI
Na Athumani Kijangwa

Jumamosi iliyopita rafiki yangu alibeba kreti moja ya soda kutoka Mtaa wa Mkunguni hadi Tandamti. Mwaka juzi mtu huyu huyu alikuwa akijitwika robota zima la mitumba mgongoni, anaupasua umati wa Mtaa wa Kongo huku akipaza sauti "Pisha! Pisha mzigo!", na watu wanapisha. Jumamosi aliitua ile kreti taratibu, akajishika kiuno, akavuta pumzi ndefu. Haikukatishwa na kikohozi.

Yeye ni kuli wa Kariakoo tangu tukiwa vijana. Mtaa huu umepewa jina na watu wa kazi yake. Hapa palikuwa na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na midomo ya wazee wetu ikalifinyanga jina hilo hadi likawa Kariakoo. Wapagazi wale waliuawa na maradhi zaidi kuliko risasi. Hilo nimelifikiria sana mwaka huu.

Rafiki yangu alikohoa kwa miezi. Akanywa tangawizi, akanywa mwarobaini, akanywa dawa za chupa za dukani. Usiku jasho lilikuwa likilowesha shuka, na suruali ikaanza kufungwa kwa kamba. Alisema ni vumbi la mitumba, nami nikamwamini, na mpaka leo linaniuma. Alipopelekwa kliniki wakapima makohozi. Kifua kikuu.

Matibabu ni miezi sita: miwili ya mwanzo dawa nne zilizounganishwa katika kidonge kimoja, minne iliyobaki dawa mbili. Asubuhi ya kwanza alinipigia simu sauti ikimtetemeka, mkojo umegeuka mwekundu. Nesi alikuwa amemweleza kwamba dawa ndiyo inayofanya hivyo, lakini nani husikia kitu siku anayoambiwa ana kifua kikuu?

Kwa vidonge hivyo hakutoa hata shilingi. Nchi hii ina haki ya kujivunia jambo hilo. Mpango wetu wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, na daktari Karel Styblo kutoka Chekoslovakia, ambaye mwenyewe aliwahi kuugua kifua kikuu akiwa kifungoni katika kambi ya Wanazi, alishirikiana na wataalamu wetu kujenga utaratibu wa mgonjwa kumeza dawa mbele ya mtu na kufuatiliwa hadi amalize. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likauchukua utaratibu huo na kuusambaza duniani. Dunia ilijifunza hapa.

Ila kuli hulipwa kwa mzigo. Siku asiyobeba, hali, na wanawe hawali. Dawa zilipoanza kumrudishia nguvu zilimrudishia na njaa, njaa ya mtu aliyekonda mwaka mzima. Mwezi wa pili ndio uliotaka kutumaliza. Kikohozi kimekatika, uso umejaa kidogo, na malori yanashusha alfajiri ile ile anayotakiwa kuwa kliniki. Akaniambia, "Ndugu yangu, nimeshapona. Hivi vidonge vingine nitavimeza nikipata nafasi." Nilimjua vizuri, hakuwa mzembe. Alikuwa anadaiwa kodi ya chumba. Na dawa hizi zikiachwa njiani, vijidudu vilivyobaki vinaweza kurudi vikiwa sugu, na tiba yake ni ngumu kuliko ya kwanza.

Nikaenda kijiweni kuomba mchango, shilingi 5,000 kwa wiki kwa kila mtu. Wiki ile ile tulikuwa tumepokea kadi za harusi zenye viwango vya "single" na "double", na tukatoa. Mwezi uliotangulia mwenzetu alifiwa, na kabla ya magharibi fedha za sanda na basi zilikuwa zimetimia. Kwa huyu wakaniuliza, "Si amepona? Juzi tumemwona anatembea." Mgonjwa aliyelala huletewa machungwa. Maiti ana kamati. Mtu anayepona hayumo katika daftari la mtu yeyote.

Aliyemwandika ni mama ntilie wetu. Hapo mwanzo naye alimtengea sahani yenye alama ya rangi, na rafiki yangu alikula chakula chake ameinama. Nesi akamweleza mama kwamba ugonjwa huu husafiri hewani kwa kikohozi, hauambukizwi kwa sahani wala kikombe. Siku hiyo ile sahani ikarudi kwenye rundo la nyingine. Mama akafungua ukurasa, akaandika jina, akamwambia, "Kaka, vidonge utavimezea hapa nikikuona, alfajiri, tumbo likiwa tupu. Chakula kitafuata. Utalipa ukibeba." Maharage, mchicha, dagaa, siku nyingine kipande cha samaki. Miezi minne.

Mama mmoja mwenye masufuria matatu hakupaswa kuubeba peke yake mzigo huo. Shirika la Afya Duniani linataka pasiwepo familia inayofilisika kwa sababu ya kifua kikuu. Basi Serikali inayotoa kidonge iongeze unga na nauli. Na wenye maduka wa Kariakoo, ambao marobota yao yamepita juu ya migongo hii miaka yote, watenge kidogo kwa kila lori linaloshushwa, kiwekwe kwa ajili ya kuli anayepona. Vijiwe vyetu vina wahasibu hodari wa harusi. Tuwape na daftari hili.

Mwezi uliopita alimeza kidonge cha mwisho. Kwa ile kreti alilipwa shilingi 1,000. Akanipita bila neno, akaenda moja kwa moja kwa mama ntilie, akailaza noti juu ya daftari. Mama akaikunja, akachomoa kalamu kwenye kilemba, akaandika. Kisha akamuuliza leo anakula nini.