Uungwana ndani ya basi hausubiri kondakta

Kila jioni, kazi zinapokwisha, vituo vya Nyabugogo, Remera, Kimironko na katikati ya jiji hujaa watu waliojipanga foleni. Mgeni kutoka Dar es Salaam au Nairobi, aliyezoea kugombania mlango wa daladala au matatu, hushangaa kuona watu wakisubiri zamu zao bila kusukumana. Hiyo ni sifa ambayo Kigali imeistahili, nasi tunaitaja kwa fahari.

Lakini foleni ina upungufu wake: humhesabu mtu, haimtazami. Wapo abiria wanaomwita mjamzito au mzee atangulie, na tunawapongeza. Wengi hawafanyi hivyo, na wakishaingia ndani ya basi hali huwa mbaya zaidi. Jioni moja wiki iliyopita, katika basi lililotoka Nyabugogo kwenda Kimironko, mama aliyembeba mtoto mgongoni alisimama safari nzima. Mkono mmoja ulishika chuma, mwingine ulimshikilia mtoto kila basi lilipokata kona. Waliokaa mbele yake, wengi wao vijana, walikuwa wanatazama simu. Hakuna aliyevunja sheria wala aliyemtolea mama huyo neno baya. Hakuna pia aliyemwona.

Wakazi wa siku nyingi wanazikumbuka twegerane, zile gari ndogo ambazo jina lake kwa Kinyarwanda ni kama kusema "tusogeleane". Ndani yake alikuwamo komvwayeri, yaani kondakta, ambaye licha ya kudai nauli alikuwa pia mpangaji wa abiria: huyu asogee, yule ampishe mzee, mtoto apakatwe. Mwaka 2013 njia za jiji ziligawanywa kwa waendeshaji wachache, na mabasi makubwa yenye nafasi ya kusimama yakaongezeka. Mwishoni mwa 2015 zikaja kadi za kulipia nauli. Mabadiliko hayo yalileta utaratibu, na ugomvi wa chenji ukapungua. Hata hivyo, katika mabasi mengi komvwayeri alipoondoka, aliondoka na ile sauti ya kuwakumbusha watu wajibu wao. Dereva macho yake yako barabarani. Kazi ile imebaki kwetu abiria, na wengi wetu bado hatujaipokea.

Si kwamba hatujui kupishana. Panda Coaster yenye viti vya kukunja katikati. Abiria wa nyuma akitaka kushuka, watu wanne au watano huinuka, hukunja viti na kumpa njia bila manung'uniko. Pale kiti chenyewe kinatulazimisha. Swali ni kama tunaweza kuinuka pasipo kulazimishwa.

Majirani zetu nao wana mengi ya kutufundisha. Kenya, mwaka 2004, kanuni zilizosimamiwa na waziri John Michuki zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na ukomo wa abiria katika matatu. Zilikuwa kanuni nzuri, lakini sheria huweza kuhesabu abiria tu. Haiwezi kumpa mtu moyo wa kusimama. Dar es Salaam kondakta huweza kumkataa mwanafunzi mlangoni kwa sababu nauli yake ni ndogo, lakini mwanafunzi huyo akifanikiwa kuingia, mama aliyekaa humpokea begi na kulipakata hadi afike. Desturi hiyo haikuletwa na sheria yoyote, na ingefaa sana Kigali.

Tunajua jibu la wengi: mtu aliyetoka kazini akasimama kwenye foleni muda mrefu naye amechoka. Ni kweli. Adabu haiwezi kuziba pengo la mabasi, na wanaosimamia usafiri hawana budi kuendelea kuongeza magari katika saa za msongamano, kama walivyofanya kwa mabasi mapya yaliyoingia jijini mwishoni mwa 2023. Tunashauri pia viti vya mbele viwe na alama iliyo wazi kwa wazee, wajawazito, wenye watoto wachanga na watu wenye ulemavu, na kila kituo kikuu kiwe na mstari wao wa pembeni. Dereva naye aseme neno moja kabla ya kuondoa gari.

Asidhani mtu kwamba tabia hazibadiliki. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, abiria wa jiji hili walijifunza kunawa mikono kabla ya kupanda gari na kuachiana nafasi kwenye foleni. Tulifanya hivyo kwa sababu tulikubali kwamba usalama wa jirani ni wetu pia.

Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na miaka kumi baadaye Kiswahili kikafanywa lugha rasmi. Wanyarwanda husema ikinyabupfura, Waswahili husema uungwana, na Waswahili huongeza kuwa uungwana ni vitendo. Kitendo tunachokiomba leo hakigharimu faranga hata moja: basi linaposimama kituoni, inua macho kutoka kwenye simu, tazama nani ameingia.