Begi la Kamera la Kwenda Orlando: Anza na Bega

Barua nyingi mwezi huu zimehusu likizo ya shule. Nimechagua moja ambayo naamini itawagusa wengi. Dada mmoja anayeishi Minnesota ameandika hivi:

“Dada nesi, tumedunduliza miaka miwili na Julai, Mungu akipenda, tunakwenda Orlando na watoto watatu kwa siku nne. Mume wangu amenunua kamera nzuri, sasa anataka begi kubwa la mgongoni la kubebea kila kitu. Mimi bega la kulia linaniuma tangu nimzae huyu wa mwisho, na najua begi hilo likifika saa sita mchana litakuwa langu. Mwenetu wa kati ana pumu. Tuchukue begi gani jepesi?”

Dada yangu, umelitaja bega kabla ya begi, na hapo umeshajibu nusu ya swali. Watu wengi huenda dukani na kamera mkononi, wakatafuta begi linaloienea. Nenda na mwili wa atakayelibeba. Kamera haiumwi shingo jioni.

Pima kabla ya kununua

Siku moja Disney au Universal ni ya kutembea na kusimama foleni tangu asubuhi hadi fataki za usiku. Kufikisha hatua 15,000 ni jambo la kawaida kabisa. Uzito ambao sebuleni unaonekana mdogo, saa kumi jioni unakuwa mzigo wa mkaa.

Tufanye hesabu. Begi kubwa la kamera la mgongoni, lenye sponji nene pande zote, laweza kuwa na kilo moja na nusu hata mbili likiwa tupu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lenzi kubwa ya kuvutia mbali, kama zile za 70-200 zenye uwazi wa f/2.8, peke yake huzidi kilo moja. Ukiongeza nepi, vitafunio na makoti ya mvua umeshabeba kilo sita bila kujua.

Sasa tazama upande wa pili. Kamera ndogo za kisasa zisizo na kioo ndani zimepungua uzito sana. Canon EOS R50, kwa mfano, ina gramu 375 pamoja na betri na kadi, na lenzi yake ndogo ya 18-45 ina gramu 130. Hiyo ni nusu kilo. Begi dogo la kuvaa mshazari halifiki nusu kilo likiwa tupu. Kamera kama hiyo ikiwa ndani, hujafika hata kilo moja.

Kipimo changu kwa mama mwenye bega bovu ni kilo tatu, begi likiwa limejaa pamoja na maji. Lipange usiku mmoja kabla ya safari, panda kwenye mizani ya bafuni nalo, kisha panda bila hilo, utoe. Likizidi, usitafute begi kubwa zaidi. Toa kitu.

Bega linaumaje? Ukining’iniza mzigo upande mmoja, msuli unaotoka shingoni hadi begani unajikaza ili mkanda usiteleze, na unabaki umejikaza siku nzima. Ndiyo maana jioni kichwa kinauma na unasingizia jua. Ukisikia ganzi vidoleni, huo si uchovu wa kawaida: vua begi, mpe mwingine. Ganzi ikiendelea hadi kesho yake, muone daktari.

Aina tatu, na nani avae ipi

*La mgongoni.* Linagawa uzito mabega yote mawili, na lenye mkanda wa kiunoni hushusha sehemu ya uzito kwenye nyonga, ambazo zina nguvu kuliko mabega. Linamfaa baba, au kijana mkubwa. Tabu yake ni kwamba kila ukitaka kamera lazima ulivue, na mgongo unaloa jasho. Tena mama anayembeba mtoto mgongoni kwa kanga hana pa kuliweka.

*La mshazari.* Mkanda mmoja unapita kifuani, begi linakaa ubavuni au mbele. Kamera inatoka kwa sekunde tatu, na mgongo uko huru kwa mtoto. Chagua lenye mkanda mpana, angalau vidole vitatu, na usio mtelezi. Dada zangu mnaovaa abaya mnajua jinsi mkanda wa nailoni unavyoserereka. Badilisha bega kila baada ya saa moja, kwa saa, usingoje maumivu.

*La kiunoni.* Hili ndilo jepesi kwa mabega kuliko yote. Kamera ndogo inaenea, pamoja na simu na dawa. Aliyejifungua kwa upasuaji karibuni asilifunge juu ya kidonda. Mjamzito pia aliache.

Kwa familia yako, dada, ningechukua mawili madogo badala ya moja kubwa. La mshazari lenye kamera livaliwe na shemeji, kwa kuwa kamera ni yake. La kiunoni lenye dawa ya mtoto uvae wewe. Maji, nepi na makoti ya mvua yakae kwenye kigari cha mtoto. Ila kamera usiiache humo: vigari huegeshwa nje ya michezo, na wafanyakazi huvisogeza kupanga nafasi, kwa hiyo ukitoka waweza usikikute pale ulipokiacha.

Usichohitaji kubeba

Begi jepesi kuliko yote ni lile ulilokataa kulijaza. Katika bustani za Disney, vibanda vya chakula vinavyouza vinywaji vya mashine hutoa maji baridi ya barafu bure ukiomba. Beba chupa moja ya nusu lita, uijaze kila unapopita. Usiogope kuomba, hakuna atakayekutazama vibaya.

Kila bustani ya Disney ina kituo cha huduma ya kwanza chenye wauguzi, na kituo cha watoto wachanga cha kubadilishia nepi na kunyonyeshea. Plasta, bandeji na nepi za dharura si lazima zitoke nyumbani zote. Dawa inayohitaji friji, kituo cha huduma ya kwanza kinaweza kukutunzia.

Lenzi iwe moja. Vumbi, jasho na mtoto anayekuvuta mkono havikupi nafasi ya kubadilisha lenzi. Kwa betri, moja ya akiba inatosha. Kama mnaruka kwa ndege, betri za akiba za lithiamu ziingie nanyi ndani. Haziruhusiwi kwenye mizigo inayoingia tumboni mwa ndege.

Sponji ya bei pia si lazima. Kanga moja inaifunika kamera ndani ya begi lolote la kawaida, na ikitoka inakuwa kivuli cha mtoto aliyelala, taulo, au pazia la kunyonyesha. Hakuna kiwanda cha mabegi kilichotengeneza kitu chepesi chenye kazi nyingi hivyo.

Mlangoni na kwenye michezo

Disney hawaruhusu begi linalozidi sentimita 61 kwa 38 kwa 46. Ukifuata ushauri huu hutakaribia hapo. Fimbo za selfi zimepigwa marufuku tangu 2015, basi usizinunue njiani. Stendi ya kamera inaruhusiwa ikiwa ndogo ya kuenea ndani ya begi la kawaida la mgongoni. Mabegi hukaguliwa mlangoni. Lenye mifuko miwili mitatu hukaguliwa upesi kuliko lenye zipu kumi na mbili.

Ndani, kuna tofauti ya kujua mapema. Katika michezo mingi ya Disney unapanda na begi lako na kuliweka miguuni. Pitisha mguu ndani ya mkanda lisiteleze. Universal ni wakali zaidi. Kwenye rola kosta kubwa kama VelociCoaster, iliyofunguliwa 2021, huingii na kitu, hata simu, na unapita kwenye mashine ya kutambua chuma. Kuna makabati ya bure, lakini ni madogo; begi kubwa utalilipia kabati kubwa. Sheria hizi hubadilika, kwa hiyo zisome tena kwenye tovuti zao wiki ya safari.

Hapa ndipo nataka unisikilize kwa makini. Pampu ya pumu ya mtoto isifungiwe kabatini pamoja na kamera. Mkiingia wote kwenye mchezo na dawa ikabaki kabatini, mtoto akibanwa kifua foleni, dawa iko nyuma ya mlango ambao si rahisi kuufikia kwa haraka. Ndiyo sababu nimesema mabegi mawili. La kamera linaweza kufungiwa popote. La dawa linabaki kiunoni mwa mtu mzima aliye na mtoto, na mchezo usioruhusu hata hilo, waulizeni wafanyakazi mlangoni kabla ya kupanga foleni. Vilevile kwa mwenye sindano ya mzio mkali au mwenye kisukari.

Bustani zote mbili zina utaratibu wa wazazi kupokezana: mmoja anapanda, mwingine anangoja na mtoto na mizigo, kisha wanabadilishana bila kuanza foleni upya. Disney huuita Rider Switch, Universal huuita Child Swap. Muulize mfanyakazi mlangoni mwa mchezo kabla hamjaingia. Haulipiwi.

Joto, mvua na ukungu

Julai Florida ni joto la Mombasa bila upepo wa bahari, na mvua ya radi mchana si ajabu. Begi jeusi likikaa juani linachemka ndani. Aina nyingi za insulini iliyokwisha kufunguliwa hazitakiwi kuzidi nyuzi 30, kwa hiyo ikae kwenye kifuko chake cha baridi, isigusane na barafu. Pampu ya pumu isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata kwa “dakika mbili.” Mwenye mtoto wa selimundu akumbuke kwamba kukosa maji, uchovu mwingi na kuloa hadi kutetemeka vyaweza kuamsha maumivu; nguo kavu ya mtoto huyo ina haki ya nafasi kwenye begi kuliko lenzi ya pili.

Kamera nayo ina ugonjwa wake. Ukitoka jengo lenye kiyoyozi kikali, lenzi inafunga ukungu kama miwani ya mtu anayetoka dukani Muscat mwezi wa Juni. Iache ndani ya begi lililofungwa ipate joto taratibu, kisha itoe. Usiifute futa kwa fulana. Kwa mvua na michezo ya maji, mfuko wa plastiki wenye zipu ya kubana, ule wa jikoni, unatosha.

Picha yenyewe

Mkipata siku ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa 1998, mtaingia kwenye kijiji kinachoitwa Harambe, kwa “e” moja. Ni mji wa kubuni wa Afrika Mashariki, na wabunifu wake waliitazama Lamu walipokuwa wakiuchora. Watoto wataona mabango ya Kiswahili ukutani, na kuna hata baa inayoitwa Dawa. Waeleze kwamba si duka la dawa. Kutoka hapo magari ya wazi hukupeleka kutazama twiga na simba wa kweli kwenye Kilimanjaro Safaris. Gari linatikisika, hakuna muda wa kupekua. Begi la mshazari likiwa mapajani, zipu wazi, shemeji atapata picha zake.

Ila nina ombi. Tazama albamu za safari zetu: watoto wapo, baba yupo, na mama hayupo, au yuko pembeni amebeba mabegi manne kama mchukuzi wa bandarini. Bibi anayezipokea picha hizo kwenye simu huko nyumbani anamtafuta pia yule aliyemzaa. Disney wana wapiga picha wao sehemu nyingi za bustani; ukiwapa simu yako wakupige, kwa kawaida wanakubali, na hawadai kitu. Vua begi, liweke chini kati ya miguu, simama na wanao.

Kwa hiyo dada, mwambie shemeji hivi: mabegi mawili madogo, lenzi moja, kilo tatu kwako wewe, na dawa ya mtoto isiachane na mtoto. Akilishikilia lile kubwa, mwambie alivae yeye tangu asubuhi hadi fataki. Nadhani siku ya pili atalikuta limebaki hotelini.

Safari njema, na mnywe maji.