Mali Bila Daftari: Makontena ya Nyumba Janja



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Waliosema hivyo walikuwa wakifikiria duka na ghala, lakini leo methali hiyo yatufaa hata sebuleni. Zipo familia mijini ambazo taa zao, pampu ya tangi la maji, kamera ya getini na betri za umeme wa jua huongozwa na kompyuta ndogo iliyowekwa nyuma ya televisheni. Ndani ya kompyuta hiyo hamna programu moja. Zimo kumi, na pengine ishirini. Mwenye nyumba aghalabu hajui idadi yake, wala umri wake, wala ipi imelala tangu juzi. Yafaa basi leo tuzungumze jinsi ya kuzitazama programu hizo kutoka katika dashibodi ya nyumba, na jinsi ya kuzisasisha pasipo kuiacha familia gizani.

KONTENA LA PROGRAMU

Kila aliyepita karibu na bandari ya Dar es Salaam au Mombasa ameyaona makontena ya chuma. Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X iling'oa nanga kutoka Newark kwenda Houston, nchini Marekani, ikiwa imebeba makontena 58, na biashara ya baharini ikaanza kubadilika. Siri yake ni nyepesi: winchi haina haja ya kujua ndani ya sanduku mna nini, maadam masanduku yote yana umbo moja. Mwezi Machi 2013, Solomon Hykes alionyesha hadharani, katika mkutano uliofanyika Santa Clara, California, chombo kiitwacho Docker kilichofuata wazo hilo hilo. Programu hufungwa pamoja na kila inachokihitaji, kisha huendeshwa bila kugombana na jirani zake waliomo katika kompyuta hiyo hiyo. Kontena hutokana na kiolezo, kama vile fundi cherehani anavyokata nguo nyingi kwa kiolezo kimoja.

Mwaka huo huo wa 2013 Paulus Schoutsen alianzisha Home Assistant, programu huria ya kuongozea nyumba, ambayo tangu 2024 imo mikononi mwa wakfu uitwao Open Home Foundation. Katika nyumba nyingi programu hii hukaa ndani ya kontena, nayo huzungukwa na majirani: Mosquitto, tarishi apelekaye ujumbe baina ya vifaa, Zigbee2MQTT, mkalimani wa balbu na vihisi, Frigate, mtazamaji wa kamera, na hifadhidata inayotunza kumbukumbu. Akilala tarishi, wenzake huwa macho lakini hawapati habari.

RANGI YA KIJANI

Makontena haya yanaweza kuonekana katika dashibodi ile ile inayoonyesha taa na maji. Portainer, programu ya kusimamia makontena, huunganishwa na Home Assistant, na hapo kila kontena huonyeshwa kama linafanya kazi au limezimika. Programu nyingine, What's Up Docker, hulinganisha toleo ulilo nalo na yale yaliyomo katika ghala la watengenezaji kwenye intaneti, kisha hupeleka taarifa kwa njia ya Mosquitto kwamba kuna jipya.

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Wakiona kijani mbele ya kila jina, huenda kulala wakidhani mambo ni shwari. Kijani hicho husema jambo moja tu, kwamba programu haijafa. Kontena la kamera laweza kuwa hai ilhali kamera yenyewe imechomoka waya. Kadhalika, makontena mengi huagizwa yajifufue yanapokufa. Likifa kila baada ya dakika mbili na kufufuka, kila ukilitazama utalikuta hai, kama mlinzi anayeamka kila asikiapo viatu vya tajiri wake.

Basi iulize dashibodi maswali matatu. La kwanza: kontena li hai? La pili: limekuwa hai tangu lini, na kazi yake ya mwisho ilifanyika saa ngapi? Ikiwa kihisi cha tangi hutoa kipimo kila baada ya dakika tano, weka onyo litakalolia kikinyamaza kwa nusu saa. La tatu: toleo lake ni lipi, na jipya ni lipi? Kisha ukumbuke kwamba dashibodi iliyomo katika kompyuta hiyo hiyo haiwezi kutangaza kifo chake yenyewe. Mwenye uwezo na aweke mtazamaji wa nje, kama vile Uptime Kuma, katika kompyuta nyingine, ili ile ya kwanza ikizimika, hii ya pili itume ujumbe kwenye simu.

AJIZI NA PUPA

Kusasisha kuna maadui wawili. Ajizi ni ya yule asemaye kwamba kitu kisichosumbua kisiguswe. Desemba 2021 ilitangazwa dosari kubwa katika Log4j, kipande kilichomo ndani ya programu nyingi mno duniani, ikiwamo ile ya kusimamia mitambo ya mtandao ya UniFi ambayo watu wengi huiendesha nyumbani ndani ya kontena. Machi 2023 ilitangazwa dosari katika Supervisor, sehemu ya Home Assistant inayosimamia viongezo vyake. Ilikuwamo tangu 2017, nayo ilimwezesha mgeni aliyeweza kuufikia mfumo kupita bila neno la siri. Ikapewa alama 10 kati ya 10 za hatari. Watengenezaji walisambaza dawa yake kwa sasisho linalojiendesha lenyewe. Waliokuwa wamejiwekea Home Assistant kama kontena la kawaida hawakuguswa, kwa kuwa sehemu hiyo hawakuwa nayo. Ona basi faida ya kujua hasa una nini ndani ya nyumba yako.

Pupa nayo ni ya yule anayeamuru kila kontena livute toleo jipya usiku wa manane, lolote liwalo. Chukua mfano wa hifadhidata ya PostgreSQL. Ukiandika jina la kiolezo chake bila namba ya toleo, siku litokapo toleo kubwa jipya, tuseme 17 baada ya 16, kontena litavuta hilo jipya, litakuta data iliyoandikwa kwa mtindo wa 16, na litakataa kuwaka. Zigbee2MQTT nayo, ilipotoa toleo la 2.0 Januari 2025, ilibadili mambo kadhaa yaliyowataka baadhi ya watumiaji kurekebisha mipangilio yao.

Na ni nani anayeumia? Fundi wa nyumba wakati huo yuko kazini au safarini. Anayeumia ni bibi anayebonyeza kitufe na taa isiwake, na mtoto anayefungua bomba kabla ya kwenda shule na maji yasitoke. Nyumba ni ya wote, na tamaa ya mmoja ya kuona namba mpya huwalipisha wote.

Kanuni ifaayo ni hii. Kontena lisilotunza kumbukumbu wala kushika jambo la lazima, liache lijisasishe. Linalotunza kumbukumbu, au linaloongoza maji, umeme au kufuli ya mlango, lisasishwe kwa mkono wa mtu, mchana, na familia ikiwa na habari.

SIKU MOJA KWA MWEZI

Home Assistant hutoa toleo kubwa kila mwezi, aghalabu Jumatano ya kwanza. Hapana haja ya kuikimbilia siku hiyo. Chagua Jumamosi moja, wiki moja au mbili baadaye, matoleo madogo ya kurekebisha makosa yakiwa yameshatoka. Dawa ya dosari ya usalama tu ndiyo isiyongojea Jumamosi.

Soma kwanza maelezo ya toleo, hasa sehemu inayotaja mabadiliko yasiyopatana na mipangilio ya zamani. Andika namba ya toleo ulilo nalo. Chukua nakala ya akiba na uiweke nje ya kompyuta hiyo. Sasisha kontena moja, ulijaribu, ndipo uende kwa jingine. Ukisasisha sita kwa mpigo na taa zikagoma, hutajua umlaumu nani. Na kujaribu ni kuwasha taa na kusikia pampu ikivuta maji.

Nakala ya akiba si pambo. Kusasisha kontena ni kulitupa la zamani na kuunda jipya. Chochote kilichoandikwa ndani yake, kisiwekwe katika hifadhi iliyo nje ya kontena, hutupwa pamoja nalo. Tena, toleo jipya likishaibadili hifadhidata, kurudisha kiolezo cha zamani peke yake mara nyingi hakutoshi. Angalia pia kifurushi chako cha data, maana kiolezo kimoja chaweza kuwa na mamia ya megabaiti. Angalia na umeme vilevile: ukikatika wakati kompyuta inaandika, kadi ya kumbukumbu yaweza kuharibika.

FUNGUO NA KARATASI

Kitufe cha kusasisha kilichoko kwenye dashibodi hakifanani na kitufe cha taa. Ili kifanye kazi, hapana budi dashibodi ipewe mamlaka juu ya Docker, na mwenye mamlaka hayo kwa hakika anaishika kompyuta nzima. Kwa hiyo kompyuta bapa iliyotundikwa jikoni na ionyeshe hali tu. Vitufe vya kuzima na kusasisha vibaki katika akaunti ya mtu mzima mwenye neno lake la siri, wala dashibodi hiyo isiachwe wazi kwa kila mpita njia wa intaneti.

Pamoja na hayo yote, bandika karatasi karibu na kompyuta. Iandikwe majina ya makontena, kazi ya kila moja, mahali nakala za akiba zilipo, na jinsi ya kuwasha taa na pampu kwa swichi ya ukutani. Kama swichi hiyo haipo, mwite fundi umeme kabla hujaongeza kontena jingine. Kisha mpe karatasi hiyo mmoja wa watu wa nyumbani, umwambie aizime kompyuta, nawe ukae kimya umtazame. Akishindwa kupata maji na mwanga, kazi yako ya usimamizi bado haijaisha, hata kama dashibodi nzima ni ya kijani.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.