Kupiga makasia: nguvu za ziwa letu zinaweza kuleta medali?

Kila asubuhi, toka Goma mpaka Kalemie, mitumbwi inafika ukingoni na samaki, makala na ndizi. Watu wa kupiga kafi hatukosi. Njo maana vijana wengi wanajiuliza: hii nguvu haiwezi kutuletea medali kwenye michezo ya Afrika?

Jibu si rahisi, juu mchezo wenyewe ni tofauti na kazi yetu. Mvuvi wa kwetu anatazama mbele. Mwenye kushindana kwa makasia anakaa kinyume, mgongo ndio unatangulia. Kiti kinateleza, na miguu ndiyo inasukuma kuliko mikono. Mashua ya mtu mmoja iko na urefu wa karibu mita 8, lakini uzito wake ni kilo 14 tu. Inataka mita 2000 za maji yaliyotulia. Upepo wa Kivu ukiamka mchana, mashua ile inapinduka.

Tena, mchezo huu hauna nafasi ya kudumu. Kwenye Michezo ya Afrika ya Rabat, Agosti 2019, ulikuwemo. Accra, Machi 2024, haukuwekwa kwenye programu. Inchi iliyonunua mashua kwa ajili ya Michezo hiyo peke yake ilibaki inangoja.

Lakini kuna mlango mwingine: makasia ya ufukweni. Mshindani anakimbia kwenye mchanga, anaruka ndani ya mashua pana yenye kuvumilia mawimbi, anaenda mita 250, anazunguka boya, anarudi na kukimbia tena. Aina hii imepangwa kwenye Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar mwaka 2026, na kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Haiombi bwawa la kuchimbwa. Mchanga na mawimbi tunavyo tayari.

Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha kitu. Kathleen Noble, mtu wa kwanza kuwakilisha Uganda katika makasia kwenye Olimpiki, huko Tokyo, alikuwa kwanza muogeleaji. Hapo njo kuna somo letu. Kwetu, watu wengi wanaopanda mitumbwi kila siku hawajui kuogelea. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wakiwa kando wanaona. Familia nyingi bado zinalia.

Basi, kama viongozi wa michezo na wazazi wanataka timu ya makasia, wasianze kwa kuomba mashua za bei kali. Waanze kwa kufundisha watoto kuogelea, na jaketi ya kuokoa maisha kwa kila mmoja. Medali inaweza kukawia. Lakini mtoto anayejua maji, hata bila medali, jioni anarudi nyumbani.