Pesa ikitumwa mara mbili bila kutaka, kosa ni la nani?

Tangu benki zifunge milango mjini Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu wiki chache baadaye, simu imekuwa mfuko wa pesa kwa watu wengi wa Kivu. Mshahara, ada ya shule, pesa ya dawa, deni la duka: vyote hupitia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Kila anayetumia njia hiyo anaijua dakika moja ya mashaka. Umeandika namba, umeweka kiasi, umethibitisha, kisha mtandao unanyamaza. Hakuna ujumbe wa kusema pesa imefika, hakuna wa kusema imekataliwa. Utume tena, au ungoje?

Watengeneza programu nao wanalijua swali hilo. Ni moja ya maswali ya kila siku ya kazi yao, na jibu wanaloliandika ndilo linaloamua kama mama muuzaji wa samaki wa Kituku atapoteza pesa au la. Ndiyo maana mazungumzo yao kuhusu desturi za kuandika programu yanatuhusu sisi sote, hata asiyewahi kugusa kompyuta.

Tuanze na namna kazi yenyewe inavyokwenda. Unapobonyeza kitufe cha kuthibitisha, simu yako hutuma ombi kwa seva, yaani kompyuta kubwa inayotunza hesabu. Seva hutoa pesa kwako, huingiza kwa mwingine, kisha hurudisha jibu. Mtandao ukikatika, mambo mawili yanaweza kuwa yametokea. Huenda ombi halikufika kabisa. Au lilifika, pesa ikatoka, na jibu ndilo lililopotea njiani. Kwa simu yako hali hizi mbili ni sawasawa: kimya tu. Ukibonyeza tena katika hali ya kwanza, umefanya vizuri. Ukibonyeza tena katika ile ya pili, huenda umelipa mara mbili.

Dawa ya ugonjwa huu inajulikana tangu zamani na si ghali. Kila ombi linapewa namba yake ya pekee, kama namba ya risiti. Ombi likirudiwa, linabeba namba ileile. Seva inaangalia daftari lake: namba hii niliishughulikia? Kama ndiyo, hairudii kazi. Inarudisha tu jibu lile la kwanza. Hapo mtu anaweza kubonyeza hata mara kumi na pesa ikatoka mara moja. Kampuni ya malipo ya Stripe ya Marekani, kwa mfano, inawapa watengeneza programu wanaotumia huduma yake njia hiyohiyo ya kuweka namba kwenye kila ombi.

Sasa, kwa nini programu nyingine zinakosa ulinzi huo? Sababu ni ya kibinadamu. Anayeandika programu hukaa mahali penye mtandao mzuri. Anajaribu mara moja, pesa inafika, anafurahi, anaendelea na kazi nyingine. Hakujiuliza: na ikitokea mara mbili? Swali hilo halitokani na akili nyingi. Linatokana na desturi, kama fundi ujenzi anayepima ukuta kwa timazi kila baada ya matofali machache, hata kama macho yake yanamwambia umenyooka.

Uingereza imeonyesha gharama ya kukosa desturi hiyo. Kuanzia mwaka 1999, Posta ya nchi hiyo ilifunga katika ofisi zake programu ya hesabu iitwayo Horizon, ambayo ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Fujitsu. Programu ilipoonyesha upungufu wa pesa, wasimamizi wa ofisi ndogo za posta ndio waliolaumiwa. Walilazimishwa kulipa kutoka mfukoni. Kati ya mwaka 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 walihukumiwa kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo. Wengine walifungwa jela, wengine walifilisika. Ripoti ya kwanza ya tume ya uchunguzi, iliyotoka Julai 2025, ilisema huenda watu 13 walijiua kwa sababu ya mkasa huo.

Kati ya kasoro zilizogunduliwa, kuna moja ambayo mtu wa Kivu ataielewa mara moja. Katika ofisi ya Dalmellington, huko Scotland, mwaka 2015, skrini iliganda wakati mhudumu akithibitisha kupokea pesa taslimu. Akabonyeza tena, na tena. Kila alipobonyeza, programu iliandika kimyakimya kwamba pesa nyingine imepokelewa. Mwishowe hesabu ikaonyesha upungufu wa pauni 24,000, pesa ambazo hazikuwahi kuwepo. Ni lile swali letu la mwanzo, na huko lilikosa jibu.

Lililofanya jambo hilo kuwa baya zaidi ni mtazamo wa mahakama. Sheria ya Uingereza iliruhusu kuchukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka mtu aonyeshe kinyume. Mhudumu wa posta kijijini angeonyesha kinyume kwa njia gani? Hakuwa na ruhusa ya kuona kilichomo ndani ya programu. Ilichukua hadi Desemba 2019 kwa Mahakama Kuu, katika kesi iliyoletwa na walalamikaji 555 wakiongozwa na Alan Bates, kukubali kwamba Horizon ilikuwa na kasoro. Mei 2024 bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa pamoja.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya zamani, na kwamba makampuni ya leo yamejifunza. Tuangalie tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma sasisho dogo kwa wateja wake. Ndani ya muda mfupi, kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zilizima na kushindwa kuwaka. Ndege zilibaki chini, hospitali zikaahirisha kazi. Chanzo chake? Sehemu moja ya programu ilitegemea kupewa vitu 21, ikapewa 20. Ikaenda kutafuta cha 21 mahali pasipo na kitu, ikaanguka. Kifaa cha kukagua sasisho kabla ya kutumwa nacho kilikuwa na kasoro, kikapitisha. Na sasisho lilitumwa kwa wateja wote kwa wakati mmoja, badala ya kuanza na wachache na kuangalia kwanza. Kampuni iliondoa sasisho hilo baada ya dakika 78, lakini mashine nyingi zilihitaji mtu aende kuzigusa moja moja kwa mkono.

Kwa hiyo ukubwa wa kampuni hauokoi. Kinachookoa ni mambo madogo: kujaribu hali mbaya, mtu wa pili kusoma alichoandika wa kwanza, kuanza na wachache.

Mambo hayo madogo yako hatarini leo kwa sababu mpya. Akili bandia inaandika programu kwa kasi ambayo hakuna mtu anaiweza. Katika uchunguzi wa mwaka 2025 wa Stack Overflow, jukwaa linalojulikana sana na watengeneza programu, asilimia 84 walisema wanatumia au wanapanga kutumia vifaa hivyo. Lakini asilimia 46 walisema hawaamini usahihi wa majibu yake, dhidi ya asilimia 33 wanaoyaamini. Kero iliyotajwa zaidi ni majibu yanayokaribia kuwa sahihi lakini si sahihi kabisa.

Mwaka huohuo, taasisi ya METR ya Marekani iliwapima watengeneza programu 16 wenye uzoefu katika kazi 246. Walipotumia akili bandia, walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. La kushangaza ni kwamba wenyewe, baada ya kumaliza, walidhani imewaharakisha kwa asilimia 20. Watu 16 ni wachache, na vifaa hivyo vinabadilika haraka, hivyo matokeo haya si hukumu ya mwisho. Hata hivyo yanaonyesha kwamba hisia ya kwenda haraka si kipimo cha kazi nzuri.

Kwa kijana wa Goma, Butembo, Bunia au Bukavu anayejifunza kazi hii, akili bandia ni msaada mkubwa. Inajibu saa zote, inaeleza kwa Kifaransa, na hata kwa Kiswahili. Hatumlaumu anayeitumia, hasa pale asipokuwa na mwalimu wala mwenzake wa kumwuliza. Lakini ukiiomba programu ya kutuma pesa, itakuandikia njia iliyonyooka: ombi, jibu, mwisho. Kama hukuuliza habari ya mtandao kukatika katikati, huenda nayo isiitaje. Na imejifunza kwa kiasi kikubwa kutoka kwa maandishi ya watu ambao umeme wao haukatiki.

Hapo ndipo kijana wa hapa ana kitu ambacho mwenzake wa California hana. Anajua kimya cha mtandao. Anajua simu inayozima katikati ya kazi, mega zinazokwisha, umeme unaorudi usiku. Akiyageuza maarifa hayo kuwa desturi ya kazi, ataandika programu imara kuliko zile zinazoagizwa kutoka nje.

Desturi zenyewe hazihitaji mtaji. Ya kwanza: kabla ya kusema programu imekwisha, zima mtandao katikati ya malipo, uuwashe, ubonyeze tena, kisha hesabu pesa. Ya pili: usimpe mteja mistari ambayo huwezi kuieleza kwa mwenzako, iwe umeiandika wewe au mashine. Ya tatu: tunza historia ya kila badiliko. Git, kifaa kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hufanya hivyo bila intaneti, maana historia yote inakaa ndani ya kompyuta yako. Ya nne: kila muamala uache alama ambayo mteja naye anaweza kuiona, na isifutwe kimyakimya.

Hiyo ya nne inagusa pia wakubwa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina Sheria ya Mambo ya Kidijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, na Benki Kuu ya Kongo inasimamia watoaji wa pesa za kielektroniki. Somo la Posta ya Uingereza linawahusu wao moja kwa moja: pale daftari la kompyuta na neno la raia vinapopingana, anayemiliki kompyuta ndiye mwenye uwezo wa kufungua na kuonyesha kilichotokea. Ni haki mzigo wa kuthibitisha uanzie kwake.

Kwa sasa, mwenye kabine anayebishana na mteja chini ya mwavuli hana kitu mkononi zaidi ya ujumbe wa simu. Ujumbe huo ukikosekana, mmoja wao atapoteza pesa, na pengine pia jina lake mtaani. Kama kuna alama ya muamala inayoweza kufuatiliwa, ubishi unaisha kwa dakika tano. Kuwepo kwa alama hiyo kulitegemea mtu mmoja, mbele ya kompyuta yake, aliyejiuliza kabla ya kufunga kazi: na ikitokea mara mbili?